Mwalimu wa Kwaya na Ile Sauti Kubwa Kuliko Zote



Wapendwa vijana wenzangu, leo nataka tuongee kuhusu mtu mmoja ambaye kila Jumapili tunamwona mgongo tu: mwalimu wa kwaya. Anasimama mbele ya wenzake, mikono inapanda na kushuka, na sisi tulio kwenye mabenchi tunatoa hukumu. Leo kwaya imeimba. Leo kwaya imechemsha. Misa ikiisha tunampongeza aliyeimba mashairi, tunampongeza mpiga kinanda, tunapiga picha. Yeye anabaki ndani anakusanya makaratasi ya nota.

Nimekulia karibu na kwaya, na seminarini kuimba kumo kwenye ratiba kama kulivyo kula. Katika mwaka wangu wa kichungaji nilitumwa parokia moja ya pembezoni mwa mji, na Paroko akanipa jukumu la kuilea kwaya ya vijana kwenye kigango kimojawapo. Kuilea, siyo kuifundisha. Mwalimu walikuwa naye tayari, mama mmoja wa makamo ambaye mchana alikuwa anafundisha shule ya msingi. Kazi yangu ilikuwa kuongoza sala ya mwanzo, kutoa katekesi fupi ya dakika kumi, halafu kukaa kimya. Kwenye kule kukaa kimya ndiko nilikoona kazi hii ilivyo.

Wengi tunadhani kazi ya mwalimu wa kwaya ni Jumapili. Hebu tuanze Jumatatu. Jumatatu anafungua masomo ya Jumapili inayokuja. Anaangalia zaburi ni ipi, kama kuna nota zake au itabidi atafute tuni nyingine inayokubali maneno yale. Anatafuta wimbo wa mwanzo unaoendana na siku, wa matoleo, wa komunyo. Jumatano ni mazoezi, saa kumi na moja jioni. Si unaijua saa kumi na moja ya kwaya? Ikifika, yupo mwalimu, yupo dada mmoja wa sauti ya pili, na watoto watatu waliokuja kuchezea kinanda. Wa dukani anafunga saa kumi na moja na nusu. Wa bodaboda atakuja akishusha abiria wa mwisho. Mnaanza saa kumi na mbili na giza hilo linaingia. Wanaosoma nota ni wawili au watatu, wengine wote wanashika kwa masikio, kipande kwa kipande, sauti kwa sauti. Wakati sauti ya kwanza inafundishwa, besi wanajadili mpira. Ukimaliza na besi, sauti ya kwanza wameshasahau. Na hapo bado hujaunganisha, na umeme bado haujakatika!

Halafu halipwi. Sehemu nyingi mwalimu wa kwaya anajilipia nauli, ananunua bando lake mwenyewe apakue nota, anatoa kopi kwa hela ya mfukoni, na Jumapili anasikia mtu anasema, "Hawa nao, kila siku wimbo ule ule."

Yote haya, nakwambia, yanavumilika. Ukimuuliza mwalimu yeyote mkongwe kitu gani kinamkosesha usingizi, hatakutajia umeme wala nauli. Atakutajia watu. Na ukimwacha aongee kidogo, utashangaa kwamba anayemsumbua siyo yule asiyejua kuimba. Ni yule anayejua kuliko wote.

Nilipokuwa nasoma falsafa tulipitia kitabu cha Aristotle kuhusu siasa. Katika sehemu ya tatu anazungumzia desturi ya miji ya Wagiriki ya kumwondoa mtu aliyewazidi wenzake nguvu. Athene walikuwa wanampigia kura mtu wa namna hiyo na kumfukuza mjini kwa miaka 10, hata kama hana kosa. Aristotle anaeleza jambo hilo kwa mifano. Mchoraji, anasema, hawezi kuuacha mguu uwe mkubwa kupita mwili mzima hata kama mguu wenyewe ni mzuri. Na mwalimu wa kwaya naye hatamruhusu kwenye kwaya mtu anayeimba kwa sauti kubwa na nzuri kuliko kwaya nzima.

Darasani tulicheka. Mwenzetu mmoja aliuliza kama Aristotle aliwahi kuongoza kwaya ya parokia, maana alionekana kuyafahamu matatizo yetu vizuri mno.

Lakini lile swali lilibaki kichwani. Je, ni kweli? Yule kaka mwenye sauti ya tatu inayotikisa madirisha, suluhisho ni kumtoa? Mwanafalsafa anaongea kwa mantiki ya uwiano: sehemu isiizidi nzima. Kwa mantiki hiyo yuko sawa kabisa. Mtu mmoja akisikika kuliko watu thelathini, hapo hakuna kwaya, kuna mwimbaji na wasindikizaji wake. Ila mwalimu Mkristo ana shida ambayo Aristotle hakuwa nayo. Yule mwenye sauti kubwa amebatizwa. Ni kiungo cha Mwili wa Kristo, na sauti ile alipewa na Mungu, hakuiba mahali. Huwezi kumpigia kura ya miaka 10 ukaendelea kusali Baba Yetu kwa amani.

Pale kigangoni jambo hili lilitukuta wakati wa Kwaresima. Mnajua Mkesha wa Pasaka una masomo saba ya Agano la Kale, na kila somo lina zaburi au wimbo wake. Kwa miaka kadhaa zaburi hizo aliziimba kaka mmoja wa sauti ya tatu, karibu zote peke yake. Sauti anayo, siwezi kumnyima sifa. Mwaka ule mwalimu akazigawa. Yeye akapewa mbili. Nyingine zikaenda kwa wengine, na ule wimbo wa kuvuka bahari unaofuata somo la tatu akapewa binti wa kidato cha tatu ambaye ukimsalimia anaangalia chini.

Jumatano iliyofuata kaka hakuja. Hakuja na wenzake watatu. Sauti ya tatu wakabaki wawili, mmoja ana mafua. Zimebaki wiki tatu Pasaka! Kikao kikaitwa, na mnavijua vikao vya kwaya. Mwenyekiti akataka aombwe radhi arudishiwe zaburi zake zote, "maana sherehe ni sherehe." Wengine wakasema aandikiwe barua ya kusimamishwa. Pande zote mbili zilikuwa na hasira na pande zote mbili, kwa kweli, zilikuwa zinazungumza kuhusu sauti tu, kana kwamba yule kaka ni spika ya kukodi.

Mwalimu hakubishana nao. Jumamosi, baada ya jumuiya, alikwenda nyumbani kwake. Hakwenda na barua wala na zaburi saba mkononi. Baadaye alinisimulia alichomwambia: "Mwanangu, zaburi zako ni zile zile mbili, siongezi. Nimekuja kukuomba umfundishe yule mdogo wako wimbo wa bahari, maana mimi sauti yangu ya juu haifiki tena, na wewe unaujua kuliko sisi wote." Kaka akamjibu kwamba atafikiria. Mwalimu akanywa chai ya mama mwenye nyumba, akaondoka.

Wiki ikapita kimya. Wawili kati ya wale watatu wakarudi wenyewe. Siku ya Jumatano ya Juma Kuu kaka alikuja, akakaa benchi la nyuma kabisa, hakuimba. Mazoezi yalipoisha alimwita yule binti pembeni, wakakaa kama nusu saa. Niliona anamwonyesha mahali pa kuvuta pumzi.

Usiku wa Mkesha binti akaimba. Shairi la kwanza lilikwenda vizuri. La pili sauti ikakwama, ikakatika kabisa, kanisa zima likasikia. Nilimtazama yule kaka, kwa sababu huu ndio wakati wake: angeweza kudaka shairi lile na kulimaliza, na watu wangempigia vigelegele. Hakudaka. Alisubiri, kisha akaanza kiitikio kwa sauti ya chini, tena wakamfuata, halafu waamini wote. Kiitikio kilipoisha binti alikuwa amepata pumzi, akaendelea. Sitaki kuwadanganya kwamba kuanzia hapo wakawa marafiki wote na kwaya ikawa mbingu ndogo. Yule kaka na mwenyekiti mpaka naondoka walikuwa wanasalimiana kwa kichwa tu. Lakini ile subira ya sekunde tatu nne nimeitafakari mara nyingi kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, yangu yakiwemo.

Ukisoma Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, utakuta mpangilio wa waimbaji wa Hekalu chini ya Asafu, Hemani na Yeduthuni. Walikuwa 288, wote wamefundishwa, wote mafundi. Ungetegemea wapangwe kwa ubora: hodari zaidi wapewe sikukuu, wanaojifunza wapewe siku za kawaida. Maandiko yanasema walipiga kura kugawana zamu, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. (Sijui kama tungeanza kupiga kura ya kwaya ipi iimbe Krismasi parokiani kwetu ingekuwaje. Tuliache.) Ufundi ulithaminiwa sana, sura ya 15 ya kitabu hicho hicho inasema Kenania aliwekwa kuongoza uimbaji kwa sababu aliujua. Ila zamu haikuwa mali ya fundi.

Na hapa, wapendwa, nataka tusogee hatua moja mbele, maana ni rahisi kumnyooshea kidole yule kaka wa sauti ya tatu. Kuna sauti kubwa nyingine kanisani. Ni kwaya yenyewe.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturjia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, namba 114, unaagiza mambo mawili kwa pamoja: kwaya ziendelezwe kwa bidii, na taifa zima la waamini liweze kushiriki sehemu ya kuimba inayolihusu. Sisi tumelishika la kwanza kwa mikono miwili. La pili linaponyoka. Kila Jumapili wimbo mpya. "Mtakatifu" yenye kurasa nane, mara sauti ya kwanza inapanda, mara besi inajibu, na Padre yuko altareni anasubiri, na bibi yangu kwenye benchi ambaye amekuja kumwimbia Mungu wake amefunga mdomo kwa sababu hajui waingie wapi. Ukimwuliza mwalimu atakwambia, "Watu walifurahi sana." Walifurahi, ndiyo. Hata kwenye tamasha watu wanafurahi.

Halafu kuna yale ya kubadilisha maneno. Mwongozo wa jumla wa Misale ya Kiroma uko wazi: maneno ya "Utukufu" hayabadilishwi na mengine (namba 53), na zaburi ya wimbo wa katikati haiondolewi ukawekwa wimbo mwingine mnaoupenda (namba 61). Kwaresima ala za muziki ni za kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya Nne, sherehe na sikukuu (namba 313). Najua vijana wengi mkisikia namba mnaona Kanisa linabana vipaji. Mimi nazisoma kwa sura nyingine. Namba hizo zinamlinda bibi yangu. Zinasema kuna maneno ambayo ni yake, ameyakariri tangu Komunyo ya Kwanza, na hata mtunzi hodari hana ruhusa ya kumpokonya.

Sasa nikisema kwaya ni sauti kubwa, namalizia na mwalimu mwenyewe. Nisipomgusa nitakuwa nimemwonea kaka wa watu. Jambo la ajabu katika kazi hii ni kwamba anapoongoza, mwalimu wa kwaya mara nyingi ndiye mtu pekee asiyeimba. Kazi yake ni kusikia. Neno la Kilatini linalomaanisha kutii, oboedire, limetokana na audire, yaani kusikia, na sisi tunaojiandaa kwa upadre tunakumbushwa hilo mpaka tunachoka. Mwalimu anatakiwa asikie sauti ya pili iliyoteleza nusu nota, asikie kwamba fulani leo haimbi kama kawaida yake, labda nyumbani kuna jambo, na asikie pia ule ukimya wa mabenchi nyuma yake.

Kishawishi chake ni kuacha kusikia na kuanza kusikika. Nyimbo za wiki nzima zote ametunga yeye. Mazoezini anatukana: "Mnaimba kama vyura," mbele ya watoto. Mtu akikosea anaaibishwa mbele ya wote, halafu tunashangaa kwa nini kwaya ilikuwa na watu hamsini na sasa wako kumi na tano. Au wanaingia studio kurekodi albamu, michango inapanda, asiyekuwa na hela ya sare ya kurekodia anawekwa pembeni, na yule aliyewekwa pembeni hatumwoni tena, si kwenye kwaya tu, hata Misani. Sipingi kurekodi. Nimeokolewa na nyimbo za kwaya zetu siku nilizokuwa na huzuni, nazipenda. Ila mwalimu ajue hesabu ya albamu inaanzia hapo, kwa aliyeondoka, kabla ya kuhesabu nakala.

Mtakatifu Augustino, ambaye muziki ulimliza machozi kanisani Milano siku za uongofu wake, anakiri katika kitabu cha 10 cha Maungamo kwamba kuna wakati wimbo wenyewe ulimgusa kuliko kile kinachoimbwa, na anaona hapo amekosa. Hakuamuru nyimbo ziondolewe. Alizipima, akaona faida yake, akabaki na tahadhari. Naona hiyo ni tahadhari ya mtu anayependa muziki kweli. Asiyeupenda hahitaji kujihadhari nao.

Mtaniuliza, na yule asiyeweza kabisa? Nitasema ukweli: siyo kila mtu anatakiwa awe kwenye kwaya, na kumwacha mtu miaka mitano asimame mstari wa mbele akiharibu kwa sababu tunaogopa kumwambia siyo upendo. Kuna njia ya kumwambia. Kigangoni kwetu kulikuwa na mama mmoja, mwanzilishi wa kwaya, sauti imeshachoka. Mwalimu alimfuata kwake vile vile, kwa miguu, akamwomba awe mlezi wa watoto wa shirika la Utoto Mtakatifu wanaojifunza nyimbo za Misa. Alilia kidogo. Halafu akakubali, na watoto wale wakaanza kumwitikia Padre vizuri kuliko wazazi wao.

Marko na Mathayo wanaandika kwamba baada ya Karamu ya mwisho, Yesu na mitume wake waliimba, kisha wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Kwa desturi ya Wayahudi, usiku wa Pasaka zinaimbwa zile zaburi za sifa, 113 mpaka 118. Tutazame kwaya ile. Kuna Petro, ambaye kabla jogoo hajawika atasema hamjui mtu huyu. Kuna wengine ambao ndani ya saa chache watatawanyika gizani. Wachache kabla ya hapo walikuwa wanabishana nani mkubwa, Luka anasema hivyo. Na Bwana, anayejua yote hayo, anaimba nao, hasubiri kwanza wawe wazuri.

Kama wewe ni mwalimu wa kwaya au unatarajia kuwa, mazoezi ya wiki hii fanya jambo moja dogo. Zima kinanda. Waambie waimbe zaburi ya Jumapili taratibu, kisha waache waendelee wenyewe, wewe tembea mpaka benchi la mwisho ukae pale anapokaaga bibi yangu. Sikiliza kama maneno yanafika. Sikiliza nani anawafunika wenzake na nani hasikiki kabisa. Ukirudi mbele anza na sauti ya pili, maana hao ndio wanaosubirishwaga siku zote.

Mtakatifu Sesilia, utuombee.